Bibi wa Ujiji anataka tumpelekee mtoto wa miezi kumi na moja

SWALI

Shikamooni. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, mume wangu ni wa Kasulu. Tuko Hannover, Ujerumani, huu mwaka wa nne. Mimi ni mhudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, yeye anapakia mizigo ghalani usiku.

Zamu zangu hubadilika kila wiki. Wiki ya asubuhi natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kazi inaanza saa kumi na mbili, na kurudi nafika saa nane na nusu mchana. Wiki ya jioni naondoka saa saba mchana, narudi saa tatu na nusu usiku. Mume wangu anatoka nyumbani saa tatu na dakika ishirini usiku, anarudi saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Nuru ana miaka mitatu na miezi minne, yuko kwenye chekechea ya huku, Kita, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Idrisa ana miezi kumi na moja na hajapata nafasi, tumeambiwa kuna foleni. Likizo yangu ilikwisha, nina wiki sita tangu nirudi kazini.

Alfajiri za wiki ya asubuhi jirani yetu hukaa na watoto mpaka mume wangu afike, lakini jirani mwenyewe anahama mwezi ujao. Baada ya hapo mume wangu anampeleka Nuru, kisha analala na Idrisa pembeni. Juzi nimerudi nikamkuta mtoto amekaa sakafuni jikoni, kabati la sabuni liko wazi, chupa ya dawa ya choo iko mapajani pake, baba yake amelala fofofo. Sikugombana naye. Nililia tu.

Mama yangu yuko Ujiji, ana miaka 63, anauza dagaa, nguvu bado anazo. Anasema, "Nileteeni huyo mdogo. Nimelea sita, mmoja atanishinda?" Anataka akae naye mpaka atimize miaka mitatu. Mume wangu ameshakubali, anasema tutatuma euro 200 kwa mwezi na tutakuwa tumeokoa. Mimi nikiliwaza tu, kifua kinajaa maziwa.

La pili ni Nuru. Ana miezi mitano Kita na mwalimu anasema hasemi kitu. Ametushauri tuache Kiswahili, tuongee Kijerumani nyumbani. Kijerumani changu ni cha kazini, cha mume wangu ni cha ghalani. Na nyumbani huyo Nuru anaongea kama chiriku! Tufanyeje?

Mama Nuru, Hannover

JIBU

Marahaba, Mama Nuru. Poleni na majukumu.

Kabla ya yote, jikoni. Leo, si kesho, kila chenye sabuni, dawa ya choo, vidonge vya mashine ya vyombo, dawa za hospitali na betri ndogo za mviringo kiwekwe juu, mahali ambapo hata Nuru akisimama kwenye kiti hafiki. Kabati za chini tieni vifungo vya watoto. Na mtu aliyetoka zamu ya usiku asiachiwe mtoto anayetambaa huku amelala, hata kwa nusu saa. Huo si uzembe wa mume wako. Mwili ulioamka usiku kucha utalala tu, apende asipende. Siku ikitokea mtoto amemeza kitu, msimtapishe wala msimnyweshe maziwa. Pigeni 112, chupa iwe mkononi muwasomee jina lake.

Sasa tumezipanga saa zenu kwenye karatasi. Wiki ya jioni pengo lenu ni dakika kumi, kati ya baba kutoka na wewe kuingia. Kwa dakika kumi mkubaliane na msimamizi wako utoke robo saa mapema na uifidie kwa kuingia mapema, basi. Wiki ya asubuhi ndiyo yenye shida, na shida zenyewe ni mbili tofauti: dakika sabini za alfajiri ambazo hakuna mzazi nyumbani, na karibu saa nane, tangu baba afike mpaka wewe urudi, ambazo mzazi yupo lakini ni za kulala. Kwa hiyo mnachokosa ni mtu wa kumshika Idrisa siku tano katika kila wiki mbili. Kumhamishia bara jingine kwa miaka miwili ni dawa kubwa mno kwa ugonjwa huo.

Na hesabu ya mume wako ina tundu. Kindergeld, ile pesa ya mtoto ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi, hulipwa kwa mtoto anayeishi huko. Idrisa akihamia Ujiji inakatika. Mkiendelea kuipokea kimyakimya mtadaiwa yote. Kwa hiyo mtatuma 200 na kukosa 255, na hapo hatujagusa nauli. Kubwa zaidi ni kibali. Mwenye kibali cha kawaida cha ukaazi akikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita bila ofisi ya wageni kumwongezea muda huo mapema, kibali kinakufa chenyewe. Kumrudisha kutakuwa ni kuanza upya: maombi ya viza ya kuungana na familia, ubalozini Dar es Salaam, kwa mtoto ambaye alizaliwa huko huko. Kama Idrisa alipata uraia wa Kijerumani kwa kuzaliwa hili la kibali halimgusi, lakini la Kindergeld liko palepale.

Bado kuna Idrisa mwenyewe. Umri wake, tangu miezi minane hivi hadi kupita mwaka na nusu, ndio mtoto anapong'ang'ania watu wake kuliko wakati mwingine wowote. Atalia wiki chache, kisha atamshika bibi awe ndiye mama, kama inavyotakiwa. Mkimrudisha akiwa na miaka mitatu atampoteza mama wa pili, atakuta wazazi anaowajua kwa simu, na atapelekwa Kita bila neno la Kijerumani. Hilo la Nuru linalokusumbua sasa mtalipata tena, na safari hii kwa mtoto mwenye kidonda.

Nafasi ya kulelewa mchana ni haki ya mtoto, si hisani. Tangu tarehe 1 Agosti 2013 kila mtoto Ujerumani ana haki hiyo kisheria kuanzia siku anapotimiza mwaka mmoja. Idrisa amebakiza mwezi. Kuulizia kwa mdomo au kujiandikisha kwenye orodha ya chekechea moja hakutoshi, na hapo ndipo wengi wanapokwama: wanangoja foleni ya kituo wakati anayedaiwa nafasi ni manispaa. Andikeni barua kwa Jugendamt, ofisi ya watoto na vijana, mkitaja tarehe ya kuzaliwa, tarehe mnayohitaji, siku na saa mnazohitaji, na muambatishe chati za zamu za waajiri wote wawili. Bakini na nakala na uthibitisho wa kupokelewa. Wakijibu hakuna nafasi, muwe na jibu hilo kwa maandishi, maana ndilo mtakaloenda nalo kwa wakili au kwenye ofisi ya ushauri kwa wahamiaji.

Katika barua hiyohiyo andikeni kwamba mko tayari kupokea Tagesmutter, yaani mlezi wa mchana mwenye kibali anayelea watoto nyumbani kwake, wasiozidi watano kwa wakati mmoja. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu sheria inamhesabu sawa na Kita na manispaa inachangia gharama. Watu wetu wengi humkwepa wakidhani ni housigeli wa Kizungu. Kumbe kwa familia ya zamu mara nyingi ndiye anayefaa kuliko Kita, kwa sababu wapo wanaofungua mlango saa kumi na moja alfajiri, jambo ambalo chekechea nyingi haziwezi. Ada ya Idrisa itapimwa kwa kipato chenu na mnaweza kuomba ipunguzwe. Ya Nuru hamlipi, kwani jimbo lenu la Niedersachsen liliifuta tangu Agosti 2018 kuanzia miaka mitatu, hadi saa nane kwa siku. Mnachodaiwa ni chakula.

Jambo la pili ni zamu ya baba, na hapa tunashuku hamjaambiwa haki yenu. Sheria ya saa za kazi inamruhusu mfanyakazi wa usiku mwenye mtoto wa chini ya miaka 12 nyumbani, asiye na mtu mwingine wa kumwangalia katika nyumba hiyo, kudai ahamishiwe kazi ya mchana inayomfaa. Mwajiri anaweza kukataa tu kwa sababu nzito za kikazi, na kabla ya kukataa lazima asikilize kamati ya wafanyakazi kama ipo. Lakini mchana mtupu, wa saa moja hadi saa tisa, utawaharibia zaidi, maana Kita inafungua saa mbili. Ndiyo maana tungeunganisha na likizo ya malezi, Elternzeit, ya nusu kazi. Kila mzazi ana hadi miaka mitatu kwa kila mtoto, na ndani yake anaruhusiwa kufanya kazi hadi wastani wa saa 32 kwa wiki. Saa mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa na robo mchana, ukitoa nusu saa ya kula, ni saa thelathini na moja na robo kwa wiki. Baba yuko nyumbani alfajiri, anawapeleka wote wawili, anawarudisha saa kumi. Dakika sabini zimekufa.

Masharti yake: kampuni iwe na wafanyakazi zaidi ya 15, naye awe kazini zaidi ya miezi sita. Taarifa itolewe wiki saba kabla. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya tarehe 1 Mei 2025 barua iwe ya karatasi yenye sahihi ya kalamu, na barua pepe au picha ya WhatsApp haihesabiki. Kwa aliyezaliwa kuanzia siku hiyo barua pepe inatosha. Aandike saa anazotaka na zitakavyogawanyika, kwani mwajiri asipokataa kwa maandishi ndani ya wiki nne, kwa mtoto wa umri huu ombi linahesabika limekubaliwa. Kwa kawaida hawezi kufukuzwa akiwa kwenye Elternzeit. Kitakachouma ni mshahara: kama sasa yuko saa 40 kwa wiki, zaidi kidogo ya moja ya tano inaondoka, pamoja na nyongeza ya usiku. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kusaini, na kwa kuwa vibali vyenu vinaangalia kama mnajitegemea, muulizeni mshauri wa wahamiaji kipato kitakachobaki kinatosha au la.

Mama yako sasa. Usimwambie hapana kisha ukanyamaza. Kwa mwanamke wa Ujiji aliyelea sita, kunyimwa mjukuu ni kuambiwa mikono yake haiaminiki. Mgeuzieni ombi: aje yeye. Viza ya kutembelea inampa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na wakati wa kumtumia vizuri ni ule mtoto anapoanza kulelewa nje, maana hapo ndipo mtakapohitaji mtu mzima wa ziada.

Kuanza huko hakufanywi kwa siku moja. Siku tatu za kwanza mzazi anakaa na mtoto pale kwa saa moja hivi na kurudi naye. Siku ya nne anaaga na kutoka dakika chache tu, na muda unaongezwa kadiri mtoto anavyotulizika na mlezi. Jipangieni wiki nne, mmoja wenu awe likizo. Kosa la kawaida ni kutoroka mtoto akiwa amezama kwenye mchezo. Siku hiyo mnafurahi hakulia, kesho yake hakubanduki miguuni. Aga, alie, toka. Halafu jiandaeni kwa makamasi, kwani mwaka wa kwanza mtoto huugua mara kwa mara. Kwa walio kwenye bima ya umma, tangu 2024 kila mzazi ana siku 15 za kazi kwa mwaka kwa kila mtoto za kukaa na mgonjwa, na bima inafidia sehemu kubwa ya mshahara. Mgawane. Mama asizimalize peke yake ifikapo Machi. Na chanjo ya surua msichelewe: huko dozi ya kwanza ni miezi 11, ya pili miezi 15, na bila ushahidi wa chanjo mtoto aliyetimiza mwaka hapokelewi Kita wala kwa Tagesmutter.

Bibi akija, asiachwe peke yake na wote wawili wiki ya kwanza. Mfundisheni jiko la umeme, kufuli la mlango linalojifunga lenyewe (wageni wengi wa nyumbani hubaki nje na kanga moja), na muandike anwani yenu na namba 112 kwa herufi kubwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Mei ni bora kuliko Januari.

Kuhusu Nuru, msiache Kiswahili. Mtoto aliyeingizwa kwenye lugha mpya mara nyingi hunyamaza miezi kadhaa akisikiliza, na miezi mitano bado imo humo. Mkimwongelesha Kijerumani cha ghalani atajifunza makosa yenu, na mtapoteza lugha pekee mnayoweza kumfokea, kumbembeleza na kumsimulia kwa ukamilifu. Mwalimu hajamsikia akiongea, ndiyo maana ana hofu. Mrekodini nyumbani dakika tatu anapogombana na mdoli wake, mkamwonyeshe. Mtoto mwenye sentensi ndefu kwa Kiswahili hana ugonjwa wa kusema. Mpeni pia mwalimu karatasi ya maneno kumi anayotumia, kama maji, njaa, naumwa, sitaki, kojo. Na mumweleze habari ya neno "pipi". Kwa Kijerumani cha watoto maana yake ni mkojo. Nuru akiomba pipi atabebwa mbio chooni, na mtoto aliyebebwa hivyo mara mbili ana sababu nzuri ya kufunga mdomo.

Ninyi mfundisheni Kijerumani cha kujiokoa tu: msaada, sitaki, chooni, nami nicheze. Hayo manne. Kama baada ya miezi mitatu minne mingine hajibu hata kwa ishara na hachezi na mtu, mpelekeni kwa daktari wa watoto apimwe masikio. Uchunguzi wa afya ya watoto unaoitwa U8, ule wa miezi 46 hadi 48, usiuruke.

Bibi naye ana kazi hapa hata kabla hajapanda ndege. Jumapili saa nne asubuhi ya huko, ambayo Ujiji ni saa sita au saa tano kutegemea majira, apige simu ya video ya dakika kumi, na asiulize "hujambo, unasemaje", maana mtoto wa miaka mitatu hana jibu. Apange migebuka kwenye sinia, Nuru ahesabu. Afiche mmoja chini ya kanga, Nuru aseme wangapi wamebaki. Hicho ni Kiswahili, ni hesabu, na ni bibi.

Na kumleta Idrisa kusalimia, mleteni, ila mje naye na mwondoke naye. Tungengoja Julai ya mwakani: ni kiangazi huku, na Kita nyingi hufunga kwa wiki mbili tatu. Utafiti wa malaria wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza Tanzania Bara, karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea, na watoto wenu hawana kinga yoyote. Ninyi wenyewe ya kwenu imeshapungua. Muoneni daktari wa safari wiki sita kabla. Dawa ya kinga hupimwa kwa kilo: vidonge vya watoto vya atovakuoni na proguanili huko vimeidhinishwa kuanzia kilo 11, huanzwa siku moja au mbili kabla na huendelea siku saba baada ya kurudi, na hizo saba ndizo watu wanazoziacha. Chandarua juu yake, kila usiku. Homa yoyote, hata miezi mitatu baada ya kurudi, nendeni hospitali siku hiyohiyo na mseme "tumetoka Kigoma", maana daktari wa Hannover ataanza na mafua. Ziwani watoto watazame mitumbwi, wasioge, kuna kichocho. Kutoka Dar pandeni ndege. Treni ya reli ya kati ina utamu wake, lakini mtoto wa mwaka na nusu kwa siku mbili behewani ni adhabu kwa behewa zima.

Kwa safari ya mama, ninyi mtachukua kwenye ofisi ya wageni tamko la kumgharamia, Verpflichtungserklärung. Yeye atahitaji bima ya safari ya angalau euro 30,000, ada ya viza euro 90, na ushahidi wa kinachomrudisha Ujiji: hati ya kiwanja au leseni ya biashara ya dagaa. Alama za vidole atazitoa Dar es Salaam mwenyewe. Maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Pasipoti ni shilingi 150,000 na haitoki bila namba ya NIDA, kwa hiyo mwambieni wiki hii alete kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Kama kimoja kinasema Mwajuma na kingine Mwanajuma, aanze kwa wakili na hati ya kiapo, ndipo aende Uhamiaji.